Zamu ya Nne

Jumatatu, 28 Aprili

Nimetoka zamu ya usiku saa mbili na nusu asubuhi. Nilipanga kulala hadi saa saba, kisha nikae na simu niweke vyeti vyangu kwenye mfumo wa maombi ya chuo. Saa tano jogoo wa jirani alipanda dirishani akawika mara nne. Nikaamka.

Nilipiga picha matokeo yangu ya shahada ya kwanza juu ya meza ya chakula, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu na mwanga. Picha ya kwanza ina kivuli cha mkono wangu. Ya pili ina bakuli la sukari. Ya tatu ilitoka safi, mfumo ukaikataa: faili kubwa mno. Kijana wa steshenari alilipunguza kwa shilingi 500. Likaingia, lakini GPA yangu ya 3.4 ikawa inasomeka 8.4, na GPA za vyuo vyetu zinaishia 5. Nimelifuta. Nitarudi kwake kesho.

Naandika haya ili nikumbuke yalivyoanza. Nina miaka 36. Nilianza na stashahada, nikafanya kazi miaka mitano kama Afisa Muuguzi Msaidizi, nikarudi darasani kuchukua shahada, na sasa ni Afisa Muuguzi katika hospitali ya wilaya. Ninachotaka sasa ni uzamili wa uuguzi wa wagonjwa mahututi na majeruhi, pale Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili.

Sababu yangu imo kwenye daftari la kava la bluu. Mwaka 2021 serikali ilipata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa kwa ajili ya kupambana na UVIKO-19, na sehemu ya fedha hizo ikajenga majengo ya dharura na ya mahututi kwenye hospitali za wilaya. Letu ni mojawapo. Vitanda vilikuja, monita zikaja, mashine za kupumulia zikaja kwenye maboksi. Sisi tulipewa mafunzo ya siku chache, na nilishukuru kwa kila saa niliyofundishwa. Lakini tangu hapo, kila mgonjwa anaponiuliza kwa mwili wake jambo nisiloweza kulijibu, naliandika humo na kulipa namba. Jana usiku tumefika swali la 41: kwa nini oksijeni ya mgonjwa hupanda anapolazwa kifudifudi?

Jumanne, 29 Aprili

Cheti changu cha kuzaliwa kina herufi H katikati ya jina. Cha kidato cha nne hakina. Cha stashahada kinayo, cha shahada hakina, na leseni yangu ya Baraza la Uuguzi na Ukunga haina. Aliyelitamka jina langu mbele ya karani ni marehemu baba, na baba alikuwa anaitamka H kwa nguvu.

Nimekwenda kwa wakili kula kiapo kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Nimesubiri saa mbili na robo. Kiapo kilipotoka, lile jina lenye H moja lilikuwa na H mbili, kwa hiyo sasa nilikuwa watu watatu. Limeandikwa upya. Nimefika zamu ya jioni nikiwa nimechelewa dakika kumi na mbili, na mwenzangu aliyekuwa ananisubiri nimpokee alikuwa hajala tangu asubuhi. Nimempa kiazi changu.

Alhamisi, 1 Mei

Mei Mosi. Wenzangu wameandamana na fulana za mwaka huu. Mimi nilikuwa zamu ya asubuhi. Fulana yangu imebaki kwenye ofisi ya Matroni, nayo ni ya saizi ya mwanangu.

Jumatatu, 5 Mei

Usiku wa jana mvua iliangusha mti juu ya nyaya saa saba na dakika ishirini. Kitanda namba 2 alikuwa kijana wa bodaboda aliyeumia kichwa, alama saba kati ya kumi na tano kwenye kipimo cha Glasgow, ana mrija kooni na anapumulia mashine. Mashine ina betri ya ndani, lakini betri ile imechoka. Jenereta lilichelewa. Nikamtoa kwenye mashine, nikaunganisha ambu, ule mfuko wa kupumulishia kwa mkono, nikaanza kuminya.

Dakika ishirini na tatu. Mtaalamu wa usingizi alikuwa chumba cha upasuaji na mama mwenye kifafa cha mimba. Muuguzi mwenzangu, binti mwenye mwaka mmoja kazini, alinimulikia kifua cha mgonjwa kwa simu ili nione kinavyopanda. Nilikuwa nahesabu kwa sauti: minya, achia, hesabu mpaka tatu. Mwishoni mwenzangu alihesabu kwa niaba yangu maana koo lilikuwa limekauka.

Nimewahi kusoma kwamba wodi za mahututi zilizaliwa hivyohivyo. Mwaka 1952 polio iliivamia Copenhagen, na hospitali ya Blegdam haikuwa na mashine za kutosha. Daktari wa usingizi, Bjørn Ibsen, akashauri wagonjwa watobolewe koo na wapumulishwe kwa mkono, na wanafunzi wapatao 1,500 wakapokezana kuminya mifuko usiku na mchana kwa miezi. Ambu yenyewe ilitoka hukohuko Denmark mwaka 1956. Jana usiku, umeme uliporudi, niliona nina undugu na wale vijana wa Copenhagen ambao sikuwahi kuwajua, na sioni haya kuandika hivyo.

Kijana ameondoka alfajiri kwa gari la wagonjwa kwenda Muhimbili.

Mchana nimekwenda kusaini kiapo changu kilichorekebishwa. Kidole gumba cha kulia hakikunji. Sahihi niliyoweka haifanani hata kidogo na ile iliyo kwenye kitambulisho cha NIDA. Wakili amesema nirudi kidole kikipona.

Swali la 42: nilikuwa namjaza kiasi gani cha hewa kila nilipominya, na nilipaswa kujuaje?

Jumatano, 7 Mei

Matroni ameniita ofisini. Nilidhani ni kuhusu zile dakika kumi na mbili za tarehe 29. Ameniambia nikae, akamimina chai ya tangawizi kwenye kikombe chenye ufa. Chai ikapita kwenye ufa na kulowesha ratiba ya zamu ya mwezi mzima kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi. Tumeianika dirishani, tukaongea.

Ameuliza kwa nini sichukui uzamili wa afya ya jamii. Wengi wameniuliza hivyo. Muhimbili wana njia ya jioni ya shahada hiyo kwa watu walio kazini: unatoka ofisini, unaingia darasani, mshahara unaendelea na hakuna anayelazimika kuziba nafasi yako. Ukimaliza, wanakufikiria kwa uratibu wa programu, kwa mashirika, kwa ofisi ya mganga mkuu. "Mwanangu, ukiingia mahututi utabaki mahututi," amesema.

Nimemjibu kwa heshima yote, maana ni mkubwa wangu na ndiye aliyenifundisha kuosha maiti bila kugeuza uso. Nimemwambia kwanza kwamba njia ya jioni ni ya mtu anayeishi Dar es Salaam. Kutoka kwetu hadi stendi ya Msamvu, Morogoro, tu ni saa mbili kwa kosta, barabara ikiwa kavu. Pili, kwamba naiheshimu afya ya jamii, mwanangu hakupata surua kwa sababu yake. Tatu, kwamba kubaki mahututi ndiko ninakokutaka.

Amenyamaza. Kisha ameniambia habari zake, na sikuwahi kuzisikia. Alisoma shahada yake ya kwanza Chuo Kikuu cha Aga Khan, wakati chuo hicho kilipoanza kuwafundisha wauguzi wa Afrika Mashariki walio kazini, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Walikwenda darasani siku mbili kwa wiki, siku nyingine wakabaki wodini. Alikuwa na mtoto mchanga. Alikuwa anasoma amesimama kwa sababu akikaa tu analala. Alitaka kuendelea na uzamili wa uuguzi, lakini wakati ule kwenda kuutafuta kulimaanisha kuiacha nyumba kabisa, na mumewe alikuwa mgonjwa. "Muda ukapita," amesema, kisha akachukua ratiba dirishani na kuipuliza.

Nimefikiria habari hiyo siku nzima. Tumezoea kuona muuguzi akipata shahada ya juu, mgonjwa hamwoni tena. Anakwenda kufundisha, anakwenda kusimamia, na kote huko anahitajika, lakini kitanda kinabaki na aliyesoma kidogo kuliko wote. Ilianza kufikiriwa tofauti zamani. Mwaka 1954 Hildegard Peplau alianzisha katika Chuo Kikuu cha Rutgers, Marekani, uzamili wa kumwandaa muuguzi bingwa wa wagonjwa wa akili, bingwa anayekaa na mgonjwa mwenyewe. Miaka zaidi ya sabini imepita. Wilayani kwetu tungali tunamuuliza muuguzi anayetaka kusoma: utatoka lini wodini?

Ratiba imekauka. Jina langu la Jumatano ijayo limehamia kwenye mstari wa mtu mwingine, na sote wawili tutafika kazini zamu moja.

Jumatatu, 12 Mei

Siku ya Wauguzi Duniani, siku aliyozaliwa Florence Nightingale mwaka 1820. Tumewasha mishumaa, tumerudia kiapo. Nta ya mshumaa wa aliyesimama nyuma yangu imedondoka kwenye gauni langu jeupe, begani, nami nilikuwa sina lingine lililopigwa pasi. Nimevaa sweta siku nzima, na jua lilikuwa kali.

Mgeni rasmi amezungumzia taa ya Nightingale. Ningefurahi azungumzie pia hesabu zake. Aliporudi kutoka vita vya Crimea alikaa na takwimu za vifo vya askari, akazichora kwenye michoro ya duara ili wakubwa waone kwa macho kwamba maradhi ya uchafu yameua wengi kuliko risasi. Aliandika, akachapisha, akapeleka kwa wenye mamlaka. Kazi hiyo leo tungeiita tasnifu. Shule yake pale St Thomas', London, ilifunguliwa 1860, baada ya hesabu hizo.

Jioni nimejaribu kuitoa nta kwa pasi ya moto na karatasi ya gazeti. Nta imetoka, na wino wa gazeti umeingia mahali pake. Begani kwangu panasomeka nusu ya tangazo la mnada.

Alhamisi, 15 Mei

Barua ya ruhusa. Imeandikwa kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, K.k. Mganga Mkuu wa Wilaya, K.k. Mganga Mfawidhi, K.k. Muuguzi Mfawidhi. YAH: MAOMBI YA RUHUSA YA KWENDA MASOMONI. Niliiandika mara tatu. Ya kwanza niliandika "MAOMBI YA RUHUSA YA KWENDA MSIBANI", kwa kuwa nilitumia faili la zamani na sikulisoma hadi mwisho. Muuguzi Mfawidhi aliipokea kwa mikono miwili akanipa pole.

Ya tatu imekwenda masijala. Mchana nimeuliza, haimo kwenye jalada langu. Imekutwa kwenye jalada la mtumishi mwenye jina kama langu, lakini lenye H. Karani ameomba radhi kwa dhati, na kwa kuwa nina kiapo kinachosema majina hayo ni ya mtu mmoja, sikupata neno la kumlaumu.

Sasa kilicho kizito. Wauguzi wa mahututi kwetu tuko watano. Mgonjwa aliye kwenye mashine hutakiwa awe na muuguzi wake peke yake. Usiku tuko wawili kwa vitanda vinne, na ni usiku mzuri. Nikiondoka miaka miwili wanabaki wanne. Likizo ya mmoja, uzazi wa mwingine, homa ya wa tatu, na chumba kile kinabaki na binti wa mwaka mmoja kazini, peke yake, anahesabu kwa sauti. Muuguzi anayeomba kwenda shule anawaomba wenzake wambebee mzigo, na hakuna fomu yenye nafasi ya kuandika hilo. Nimewauliza mmoja mmoja. Watatu wamesema nenda. Wa nne amesema, "Nenda dada, lakini kwanza nionyeshe ile kengele ya mashine inayolia mara mbili." Tumeshinda nayo mpaka saa mbili usiku. Nimekosa kosta ya mwisho, nikapanda bodaboda kwenye matope. Kiatu cha kushoto kimebaki njiani. Dereva amerudi kukitafuta kwa taa ya pikipiki na kukipata, lakini kilikuwa kimeshapitiwa na lori.

Jumanne, 20 Mei

Chuo kinataka wadhamini wawili wanaonifahamu kitaaluma. Wa kwanza ni daktari wetu, ameandika siku hiyohiyo. Wa pili ni mwalimu wangu wa shahada ya kwanza, sasa mstaafu, na simu yake inapatikana akipanda kilima cha shamba lake. Leo amepanda. Amenipigia saa nane mchana nikiwa ndani ya gauni la kujikinga na glovu za upasuaji, natoa makohozi kwenye mrija. Simu imeita mfukoni mara saba. Nilipompigia alikuwa ameshashuka.

Alhamisi, 22 Mei

Dar es Salaam. Nimetoka nyumbani saa kumi usiku, kosta hadi Morogoro, halafu treni ya SGR kwa shilingi 13,000. Inafika chini ya saa mbili. Nilitaka kusoma njiani. Nimefungua begi nikakuta kitabu cha kusoma cha darasa la pili, kalamu za rangi, na nusu ya andazi. Nilikuwa nimebeba begi la mwanangu gizani. Begi langu, lenye vyeti halisi vyote, lilikuwa limekwenda shule.

Nimempigia mume wangu. Amekimbia shuleni na kulikuta mgongoni kwa mtoto, aliyekuwa amekwisha kumkabidhi mwalimu leseni yangu ya uuguzi kama kazi ya nyumbani.

Nimefika Muhimbili mikono mitupu. Hata hivyo mwalimu mmoja wa shule ya uuguzi amenisikiliza barazani kwa robo saa, amesimama, ana mafaili mkononi. Nilimkuta anatoka darasani na hakunijua. Amenieleza jinsi miaka miwili inavyokwenda: masomo ya nadharia na utafiti, mazoezi kwenye mahututi na dharura, kisha tasnifu ya utafiti wako mwenyewe. Amesema watu wenye GPA ni wengi, na lililo adimu ni swali. "Umekuja na swali gani?" Nilitaka kufungua daftari la bluu, nalo lilikuwa kwenye begi lililokwenda shule. Nimemwambia kwa kichwa: lile la 42, la ambu. Ameweka mafaili chini. Amenionyesha kwa viganja vyake jinsi mkono mmoja na mikono miwili inavyotoa kiasi tofauti cha hewa, na kwamba hofu humfanya mtu aminye haraka mno. Amesema muuguzi anaweza kulipima jambo hilo katika hospitali yake mwenyewe, kwa wauguzi wake mwenyewe.

Nimeondoka nikipita mbele ya jengo la dharura, lililofunguliwa mwaka 2010, la kwanza la aina yake nchini. Nilisimama pale kidogo. Magari ya wagonjwa yalikuwa yanaingia na wauguzi wanatoka kuyapokea wakitembea upesi bila kukimbia. Mmoja wao anatoka wilaya yetu. Tulisoma stashahada pamoja. Nilimuuliza kuhusu kijana wa bodaboda. Amekwenda kuuliza, akarudi akasema ametolewa mrija, anapumua mwenyewe, na anamdai mtu pikipiki yake.

Kwenye treni ya kurudi nimekula lile andazi. Baadaye nimegundua mwanangu alikuwa amelihifadhi kwa ajili ya rafiki yake.

Ijumaa, 30 Mei

Mshahara. Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 kwa mkopo wa shahada ya kwanza, na bado nina deni. Tumekaa mimi, mume wangu na mama mkwe. Mume wangu ameandika hesabu nyuma ya daftari la mpunga: ada, chumba, nauli, chakula cha mtu mmoja mjini. Tumekubaliana kuuza mazao ya ekari moja na nusu na kubakiza nusu ya kula.

Mama mkwe amesema atakuja kukaa na mtoto. Kisha ameuliza, "Utarudi na cheo gani, mwanangu?" Nimemwambia nitarudi kitanda kilekile. Amenitazama kwa muda, akaniongezea chai, akamwaga kwenye daftari la mpunga. Safu ya nauli imefutika. Tumeihesabu upya, na mara ya pili imekuwa kubwa zaidi.

Jumamosi, 7 Juni

Idd. Nilikuwa zamu ya asubuhi na nimebeba pilau ya kutosha watu kumi. Namba ya malipo ya ada ya maombi ilikuwa inaisha muda leo saa sita usiku. Nilikumbuka saa sita na dakika nne. Nimeomba nyingine.

Jumatano, 11 Juni

Mvua ya kuchelewa, ambayo hakuna aliyeitarajia. Daftari la bluu lilikuwa kwenye kikapu cha baiskeli. Maswali ya 1 hadi 19 yamesomeka. Kuanzia 20 wino umekimbia, kurasa zote zimekuwa na rangi ya bahari. Nimezianika jikoni kwa vibanio vya nguo, moja moja, juu ya jiko la mkaa. Ukurasa wenye maswali ya 30 hadi 33 umedondokea kwenye sufuria ya maharage.

Nililia, na naandika hivyo kwa kuwa ni kweli. Miaka mitatu ya usiku imo kwenye karatasi zile. Kila namba ina mtu: la 8 ni la mama wa mapacha, la 17 la mzee aliyekuwa ananiita kwa jina la binti yake, la 26 la mtoto wa sumu ya panya.

Alhamisi, 12 Juni

Leo wodini niliwaeleza wenzangu yaliyolipata daftari. Tuliketi baada ya kukabidhiana zamu, wote watano kwa mara ya kwanza tangu Januari, tukaanza kukumbuka. Kila mmoja alikumbuka usiku wake. "Yule aliyekuwa anapumua kinyume na mashine, dada, uliandika kwa nini." "Yule ambaye presha ilishuka tulipomgeuza." Tuliyapata yote isipokuwa mawili, na tulipata mapya kumi na tano ambayo wenzangu walikuwa nayo vichwani wasiyaandike popote. Mwalimu wa Muhimbili aliniuliza nimekuja na swali gani. Sasa ninayo 55, na mengine si yangu.

Jumapili, 15 Juni

Nimetuma. Bando liliisha nikiwa ukurasa wa mwisho. Binti wa mwaka mmoja kazini amenigawia lake kutoka kwenye simu yake, ileile iliyomulika kifua cha kijana wa bodaboda. Nimebonyeza, skrini ikawa nyeupe kwa dakika nzima, kisha ikaja meseji ya kupokelewa. Jina langu limeandikwa bila H. Ruhusa ya mwajiri imetoka Ijumaa: nimeingizwa kwenye mpango wa mafunzo, nikichaguliwa nitakwenda.

Jioni nimefungua daftari jipya kunakili swali la usiku uliopita. Nimekuta la 56 limeshaandikwa, kwa mwandiko usio wangu, herufi za duara zilizolala kulia: "Kwa nini mgonjwa aliyetulia siku tatu anaanza kuona watu ukutani usiku wa nne, na nimwambie nini?"

Sehemu ya kwanza nimesoma kuhusu hiyo, naweza kumweleza kidogo. Sehemu ya pili siijui. Nimeiandikia tarehe pembeni. Zamu inaanza saa mbili na mawingu yametanda upande wa milimani, kwa hiyo nimelitia daftari kwenye mfuko wa nailoni na kuufunga mafundo mawili.